Kufufua Land Rover 109: kazi inaanzia kwenye chasisi, si kwenye rangi

Gari langu lilikuwa limelala chini ya mwembe huko Muheza kwa miaka mingi. Ni Land Rover Series III ya 1977, ile ndefu ya 109, yaani inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, injini ya petroli ya lita 2.25. Aliyeniuzia alifunga betri, akamimina petroli kidogo kwenye kabureta, ikawaka kwa mara ya pili. Nilifurahi sana, nikatoa pesa. Sikuinama hata mara moja kutazama chini.

Miezi minne baadaye, nikiwa nimeshalipaka rangi nzuri ya kijani, springi ya nyuma kushoto iling'oka pamoja na kipande cha chasisi kwenye njia ya kupanda Amani. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini ilibidi nianze upya kila kitu, na rangi yote ile ikawa imepotea bure. Haya ninayoandika nimeyapanga kwa utaratibu ambao ningependa mtu anipe siku ile pale chini ya mwembe. Nazungumzia 109 ya Series III kwa sababu ndiyo ninayoijua bolti kwa bolti, ila mwenye 88, ile fupi, au mwenye Series II na IIA atajikuta yumo humuhumu kwa sehemu kubwa.

Ujue kwanza gari hili limetengenezwa na nini

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa cha mgao, aluminiamu ilikuwapo. Ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa Birmabright, aluminiamu iliyochanganywa na magnesiamu, na chuma kikaachiwa chasisi na ule ukuta wa mbele unaobeba dashibodi, pedali na bawaba za milango. Series I ilitoka hadi 1958, ikafuata Series II, kisha IIA kuanzia 1961, na Series III kuanzia 1971 hadi 1985. Umbo lilibadilika kidogo tu, na mpango wa vyuma viwili ulibaki uleule.

Hapo ndipo penye mtego. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu, kwa hiyo gari la miaka hamsini linaweza kukuonyesha bodi nzima wakati mifupa yake imekwisha. Tena pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, aluminiamu yenyewe huanza kuliwa na kugeuka unga mweupe. Kwetu pwani, Tanga, Mombasa, Unguja, chumvi ya hewani huharakisha mambo yote mawili. Gari lililofanya kazi Dodoma au Isiolo maisha yake yote huwa na bodi iliyobondeka na chasisi nzima. Lililofanya kazi pwani mara nyingi huwa kinyume chake. Mimi leo nikiambiwa nichague, nitachukua lililobondeka.

Kabla ya kutoa pesa

Nenda na nyundo ndogo, bisibisi kubwa, tochi na nguo za kulalia chini. Gonga chasisi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia, chuma kilicholiwa hujibu kwa sauti ya boksi la karatasi. Penye shaka sukuma bisibisi kwa nguvu, ikizama, umeshajua. Usimwonee haya muuzaji.

Pa kugonga zaidi ni boriti ya kukingama ya nyuma kabisa, mikono inayotoka pembeni mwa chasisi kubeba bodi, vishikio vya springi vyote, sehemu ya chasisi inayopanda juu ya ekseli ya nyuma, na pembe mbili za mbele zinazobeba bampa. Kwenye ukuta wa mbele tazama sakafu ya miguuni na nguzo za milango. Fungua mlango, unyanyue kwa mkono: ukipanda na nguzo nayo ikatikisika, ukuta huo umeoza. Ukuta wa mbele ndio kazi ngumu kuliko zote kwenye gari hili, na usipoukagua utakula pesa kuliko injini.

Kisha namba. Namba ya chasisi imepigwa kwenye pembe ya mbele upande wa kulia, karibu na kishikio cha springi. Ipanguse kwa brashi ya waya uilinganishe na kadi ya gari, au logbook kwa walio Kenya. Magari haya yamebadilishwa injini na chasisi mara nyingi, na ukinunua lenye namba zisizofanana utahangaika kwenye ofisi za usajili baada ya kumaliza gharama zote. Kama injini si ile iliyoandikwa, mwambie muuzaji arekebishe karatasi kwanza, wewe usubiri.

Injini iweke mwisho. Ikiwaka ni heri, isipowaka si msiba. Injini ya 2.25 ni rahisi kufufua, na vifaa vyake bado vinapatikana Gerezani Dar es Salaam, Kirinyaga Road Nairobi na Kisekka Kampala.

Kufungua

Usianze kufungua mpaka una mahali pa kulaza gari miezi kadhaa bila mvua wala wapita njia. Piga picha kila kitu kabla hujakigusa, hasa nyaya na mabomba ya breki. Kila bolti ziingie kwenye kopo lake lenye karatasi iliyoandikwa zilikotoka. Ukisema utakumbuka, hutakumbuka.

Tafuta spana za inchi. Nati nyingi za gari hili ni za vipimo vya Kiingereza, na spana za milimita zinazokaribiana nazo zitakula kona za nati moja baada ya nyingine. Zilizoshika kutu zilowekwe oili nyepesi siku mbili tatu, kisha zipashwe moto kwa gesi, na usikaribie tangi wala bomba la petroli ukiwa na moto. Tangi litoke kwanza kabisa. Kwenye pikapu liko chini ya kiti cha kulia, kwenye steshen wagon liko nyuma. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa kwa sababu mvuke ndio unaolipuka, kwa hiyo asikudanganye mtu kuwa atalichomelea baada ya kuliosha kwa sabuni.

Jambo jingine la afya ambalo gereji zetu nyingi hulipuuza: viatu vya breki na sahani za klachi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi lake huharibu mapafu. Usipulize ngoma za breki kwa upepo wa kompresa. Zimwagie maji, pangusa kwa kitambaa kilicholowa, kitupe.

Chasisi

Hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Baada ya ajali ya Amani nililipeleka gari kwa mchomeleaji mmoja aliyekuwa na kazi nyingi. Alikata bati, akalibandika juu ya kutu, akalizungushia moto, akapaka rangi nyeusi. Kwa macho ilikuwa kazi safi. Mvua moja ya masika ilitosha maji kuingia kati ya bati jipya na la zamani, na kutu ikaendelea kula kwa ndani nisikoiona. Aliyenifungua macho ni fundi mmoja mzee wa Korogwe, tuliyemwita Babu. Aligonga pale mahali mara moja tu, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, hiki umekifunika, hujakitibu."

Kanuni yake ndiyo hii: kata mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa, hata kama tundu litakuwa mara tatu ya ulivyodhani. Chasisi ya Series ni boksi la bati la kama milimita 2. Tumia bati la milimita 2 hadi 3, si nene zaidi, maana kipande kigumu mno hufanya chuma cha jirani yake kipasuke pembeni mwa mshono wa welding.

Kabla hujakata chochote, pima. Chukua futi ndefu, pima kutoka bolti ya springi ya mbele kushoto hadi bolti ya springi ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Vipimo viwili hivyo vikilingana, chasisi haijapinda. Viandike ukutani. Laza chasisi juu ya stendi nne zilizosawazishwa kwa pima maji, chomelea vipande vya angle bar kukingama ili isicheze, halafu ndipo ukate. Rekebisha sehemu moja, ifunge, nenda nyingine. Ukikata mikono yote ya pembeni siku moja, bodi haitakaa tena, na milango utakuja kuilazimisha kwa nyundo.

Kuchomelea kwenyewe ni kwa nukta kwanza. Nukta upande huu, nukta upande ule, pima tena pembe kwa pembe, ndipo ujaze vipande vifupivifupi ukipumzisha chuma. Moto mrefu mfululizo hupinda chasisi kama jani la mgomba juani. Kama bado kuna betri na altaneta kwenye gari, vifungue nyaya kabla ya welding, la sivyo altaneta itakufa.

Ukimaliza nje, kumbuka kuwa kutu ya chasisi hii huanzia ndani. Ina matundu ya kutolea maji, mengi yameziba kwa tope la miaka. Yazibue yote. Pulizia ndani oili nzito au nta ya kuzuia kutu kupitia matundu hayohayo, ukitumia mpira mwembamba wenye ncha iliyotobolewa pembeni. Wanaoishi karibu na bahari warudie kila mwaka kabla ya mvua. Nje paka praima ya zinki, kisha rangi ngumu nyeusi mikono miwili. Zile rangi za lami nzito zinazopakwa chini ya gari sizipendi hata kidogo: zikipasuka zinashika maji, na huoni kinachoendelea chini yake.

Ukuta wa mbele unafuata kanuni ileile, ila vipimo vyake ni vikali zaidi kwa sababu milango na kioo vinautegemea. Ukiweza kupata sakafu za miguuni zilizokwisha kukunjwa, nunua. Nguzo za milango zichomelewe milango ikiwa imening'inizwa mahali pake, uone nafasi kwa macho yako kabla hazijaganda.

Bodi ya aluminiamu

Fundi bodi aliyezoea chuma akiigonga Birmabright kwa mazoea yake, itapasuka. Aluminiamu iliyokwisha kugongwa au kutetemeshwa miaka mingi hukakamaa. Ni lazima ilainishwe kwa moto, na moto ukizidi inayeyuka ghafla bila kubadilika rangi kukuonya. Njia ya wazee ni sabuni ya mche. Sugua sabuni kavu juu ya bonde, pasha moto wa gesi taratibu kutoka upande wa pili, moto mwepesi unaotembea. Sabuni ikigeuka kahawia iliyokolea kuelekea nyeusi, acha. Iache ipoe, na sasa itafuata nyundo ya mbao kama bati la mkebe. Nilipoona Babu akifanya hivi kwa madgadi ambayo nilikuwa nimeshaitupa nyuma ya gereji, nilikaa chini nikatazama mpaka jioni.

Kabla ya rangi, aluminiamu inataka praima ya asidi, ile inayouma chuma chenyewe. Praima nyekundu ya kawaida itabanduka vipande. Na kila mahali aluminiamu inapokutana na chuma, weka kitu katikati: utepe wa mpira, au angalau rangi kavu pande zote mbili, na bolti zilizopakwa zinki. Mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa vizuri unafanya kazi hii miaka na miaka.

Ekseli, usukani na breki

Ekseli za mbele zina mipira mikubwa ya chuma nyuma ya magurudumu, inayozunguka usukani unapokatwa. Ikiwa imetobokatoboka kwa kutu, kila sili utakayoweka itavuja ndani ya wiki. Badilisha mpira huo wa chuma, sili na beringi kwa pamoja. Ndani mwake kuna oili, kama nusu lita kila upande, na watu wengi huisahau kwa sababu wanadhani ni ya difu, zile gia za ndani ya ekseli.

Katikati ya boriti ya mbele kuna kifaa cha usukani kilichosimama wima, kinachopeleka nguvu kutoka boksi la usukani kwenda magurudumuni. Ndani yake mna springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa sana. Usikifungue mkononi. Nimemwona kijana mmoja wa gereji akipoteza jino. Kikiwa kizima, kiongezee oili tu. Kikiwa kimekufa, kitoe kizimakizima na ununue kingine. Mara nyingi kimegandana na chasisi kwa kutu: kiloweke kwa siku kadhaa kisha ukisukume kwa jeki kutoka chini.

109 ina breki za ngoma za inchi 11, na kila gurudumu la mbele lina silinda mbili. Mimi sijaribu kuokoa silinda za zamani kwa kubadilisha raba peke yake. Ukuta wa ndani ukiwa na mikwaruzo, raba mpya itakatika. Badilisha silinda zote, mabomba yote na mipira yote, na utoe upepo kuanzia gurudumu lililo mbali na pampu. Breki za gari hili zikirekebishwa vizuri zinatosha. Pedali ikiingia nusu ndiyo ishike, rudi ukazungushe vile virekebishio vilivyo nyuma ya kila gurudumu mpaka kiatu kiguse kidogo, kisha ulegeze mpaka gurudumu lizunguke huru.

Springi zifunguliwe, majani yatenganishwe, kutu isuguliwe, grisi ya grafaiti iwekwe kati ya jani na jani. Bushi mpya. Bolti za springi zisikazwe mwisho mpaka gari limesimama kwa uzito wake wote, vinginevyo bushi zitajisokota na kukatika mapema.

Injini na giaboksi

Pima kompresheni ya silinda zote nne injini ikiwa ya moto. Zikitofautiana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, mimina kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka; isipopanda, valvu hazifungi au gasketi imepasuka. Injini ikiwa ya moto, presha ya oili kwenye mwendo wa kawaida inatakiwa kati ya 35 na 65 psi. Chini ya hapo fungua sampu utazame beringi kabla hujafikiria kitu kingine.

Ukitoa silinda hedi, ipeleke kwa mkerezaji aikague kama imepinda. Petroli yenye risasi iliondolewa nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, na risasi ile ndiyo iliyokuwa ikilinda siti za valvu. Ukiona siti za ekzosti zimezama, weka siti ngumu. Bolti kubwa za hedi hukazwa kwa futi-paundi 65, kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu. Nafasi ya tapeti zote, za kuingiza na za kutoa, ni inchi 0.010. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Nafasi ya pointi za distribyuta ni inchi 0.014 hadi 0.016.

Kama gari linakunywa petroli kupita kiasi na kutoa moshi mweusi, usikimbilie kubadilisha kabureta. Kabureta ya Zenith iliyowekwa kwenye injini hii ina ugonjwa mmoja maarufu: uso wa sehemu ya juu hupinda kwa joto, petroli ikapenya mahali isipotakiwa. Lala msasa laini juu ya kioo bapa, sugua uso huo kwa mzunguko mpaka uwe na rangi moja kote, weka raba mpya ya duara. Nusu saa ya kazi, na unaokoa lita nyingi kila mwezi.

Wenye injini ya dizeli wakumbuke kuwa plagi za kupasha moto kwenye injini zile za zamani zimeunganishwa kwa mfuatano. Moja ikiungua, zote zinakuwa zimezimika. Watu wameshusha pampu ya dizeli kwa tatizo la plagi moja.

Giaboksi ya Series III ina gia nne za mbele. Kama haitoi kelele na hairuki gia, mimi siifungui. Badilisha oili, kama lita moja na nusu, na oili ya transfa, lile boksi la gia la nyuma yake linalogawa nguvu mbele na nyuma, lita mbili na nusu. Gia ya tatu ikiruka unapoachia mafuta mteremkoni, hapo ndipo ishuke.

Umeme

Nyaya za Lucas, kampuni ya Kiingereza iliyotengeneza vifaa vya umeme vya gari hili, zina lugha ya rangi, na ukiijua hutahitaji fundi kwa kila kitu. Kahawia ina moto wakati wote bila fyuzi, zambarau ina moto wakati wote kupitia fyuzi, nyeupe hupata moto ukiwasha ufunguo, kijani ni ile nyeupe ikishapita kwenye fyuzi. Buluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo, nyeusi ni ya bodi, yaani ya kurudisha umeme kwenye betri. Matatizo mengi ya umeme kwenye gari hili ni ya waya mweusi: bodi ya aluminiamu iliyopakwa rangi haipitishi umeme vizuri. Kwangua rangi kila sehemu ya kufungia, na vuta waya mnene kutoka betri hadi chasisi na mwingine hadi injini. Kwa magari ya kabla ya 1967 hivi, tazama kama chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi kabla hujaunganisha redio au chaja, utaunguza.

Weka rilei kwa taa kubwa na ongeza boksi la fyuzi. Fyuzi za kiwandani ni chache mno.

Mabadiliko: kila nguvu inatafuta pa kutokea

Sasa gari ni zima, na kila rafiki atakuja na ushauri. Kipimo changu ni swali moja kabla ya kila badiliko: nikiongeza hiki, kitu gani kinachofuata kitavunjika?

Chukua injini. Watu wengi hutaka kuweka dizeli, na si vibaya. 200Tdi kutoka Discovery ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ni chaguo zuri kwa sababu ni ya ukoo mmoja na inafungika kwenye giaboksi ya Series bila kukata sana. Lakini inatoa nguvu ya kuzungusha ya Nm 265, wakati petroli ya 2.25 inafika kama 160. Tofauti hiyo inaingia kwenye giaboksi iliyotengenezwa kwa ile ya zamani. Mwenye mguu mzito atavunja gia ndani ya mwaka. Wengine huweka injini za Toyota, Nissan au Isuzu, kwa kuwa vifaa viko kila mahali. Nimeziona zikifanya kazi vizuri sana, lakini zile tu ambazo injini na giaboksi viliingia pamoja, na bamba la kuunganisha likakerezwa kwa usahihi. Likikerezwa nje ya katikati hata kidogo, beringi ya shafti hufa, kisha klachi, kisha moyo wa mwenye gari. Na usisahau kubadilisha namba ya injini kwenye usajili.

Mimi nimebaki na petroli yangu, nikaongeza ovadraivu ya Fairey niliyoipata kwenye gari lililokufa. Inapunguza mizunguko ya injini kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano. Gari sasa linaenda kilomita 80 kwa saa bila kupiga kelele, na hakuna kitu kingine kilichoguswa.

Springi za parabola hulainisha safari sana, ila zinataka shokapu nzuri, na kama gari lako linabeba magunia ya viazi kutoka Lushoto kila wiki, baki na springi za majani mengi. Tairi: 7.50-16 ndiyo kipimo cha 109, na 235/85R16 inakaribiana nayo kabisa. Kubwa zaidi ya hapo zitakwangua majani ya springi kwenye kona na kuzidishia kazi hafshafti, vile vyuma vya ndani ya ekseli vinavyozungusha magurudumu. 109 nyingi za Series III zina ekseli ya nyuma ya Salisbury, ambayo ni ngumu. Wenye 88 wana ekseli dhaifu, na tairi kubwa kwao ni kununua hafshafti mpya kila msimu. Hafshafti ya nyuma ikikatika porini, toa vipande, bonyeza kile kifimbo cha njano kuingiza magurudumu ya mbele, urudi nyumbani taratibu. Kwenye lami, hata hivyo, usikiache chini: gari hili halina difu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na vyuma vitajisokota.

Badiliko la bei ndogo lenye faida kubwa ni mipira ya kupumulia ya ekseli. Ekseli ya moto ikiingia mtoni hupoa ghafla na kuvuta maji ndani kupitia tundu lake la hewa. Funga mpira mwembamba pale, uupandishe hadi usawa wa boneti. La pili ni geji ya presha ya oili na geji ya joto inayosomeka. Taa nyekundu ya dashibodi huwaka wakati mambo yameshaharibika.

Tanki la maji, karia, winchi, hema la juu, vyote ni uzito, na karia yenye mzigo hufanya gari refu na jembamba hili kulala kwenye kona. Mizigo mizito ikae chini na katikati, kati ya ekseli mbili.

Kilomita za kwanza

Injini iliyofunguliwa isipite kilomita 70 kwa saa kwa kilomita 1,000 za mwanzo, na isikokote gia kubwa mlimani. Badilisha oili ukifika hapo, kaza tena hedi, pima tapeti upya. Yubolti za springi zikazwe baada ya kilomita 100 na tena baada ya 500, kwa kuwa rangi mpya iliyo katikati hubonyea na zote hulegea. Nati za magurudumu vilevile.

Safari ya kwanza iwe fupi, mahali ambapo jirani anaweza kukufuata na pikipiki. Ukirudi, funua boneti, pita kwa mkono kila gurudumu: lililo la moto kuliko wenzake lina breki inayokwama au beringi iliyobanwa. Kisha tandaza maboksi ya karatasi chini ya gari zima na ulale. Asubuhi soma madoa. Lisilo na rangi au la kahawia jepesi nyuma ya gurudumu, lisilo na harufu kali, ni maji ya breki, na gari halitoki siku hiyo. La kijani mbele ni rejeta au mpira wake. Zito lenye harufu kali karibu na gurudumu la mbele ni ile mipira ya chuma ya ekseli. Jeusi katikati, chini ya tundu dogo la nyumba ya klachi, ni sili ya nyuma ya injini au ya giaboksi: lipapase kwa kidole, jembamba ni la injini, zito ni la gia. Liandike tarehe kwa kalamu pembeni mwa doa, na kesho yake tandaza boksi jipya mahali palepale ulinganishe ukubwa.